Karani wa Jikoni na Kilo Hamsini

Mwanamke huyu alipikia hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na ukimsikiliza yeye, sufuria yake ndogo kuliko zote ilitosha kuogeshea ndama. Mwiko wake ulimzidi kimo. Siku ulipomponyoka ukaanguka sakafuni, kwenye wodi ya wazazi wakajifungua watatu kabla ya siku zao. Wauguzi walibisha, lakini wauguzi hawakuwapo jikoni. Kila mtu alimwita Mama Masufuria, na alipostaafu jina lile lilipanda naye ngazi mpaka kwenye vyumba viwili vya ghorofa ya pili alikokaa na mumewe, likaingia ndani kabla yake.

Mumewe alikuwa fundi saa, na huyo alikuwa kinyume chake tangu unyayo hadi utosi. Kutwa nzima alikuwa amebana kioo jichoni, akishughulika na skrubu ndogo kuliko mbegu ya nyanya, hata pumzi aliivuta kwa adabu isije ikampeperushia kazi. Na maneno yake yalikuwa hivyo hivyo, yanahesabika: moja asubuhi, moja jioni, na siku ya sikukuu anakuongezea la tatu. Mkewe alisema kwamba walipooana hakujua kama ameolewa na mtu au na kabati, mpaka siku ya nne aliposikia kabati linapiga chafya.

Sasa kabati lilikuwa linaisha. Fundi saa alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari hakuuma maneno.

"Nitampasua," alisema, "lakini si kwa mwili huu. Ana kilo arobaini na sita. Mleteni baada ya wiki tatu akiwa na hamsini. Chini ya hapo sithubutu, atanifia mezani."

Kilo nne! Mama Masufuria alikaribia kucheka mbele ya daktari. Mtu aliyelisha watu mia tatu na ishirini, mara tatu kwa siku, ashindwe kumnenepesha mwanamume mmoja kilo nne? Walipokuwa wanateremka ngazi za hospitali alimwambia mumewe, "Hizo nne nakupa wiki hii hii. Wiki mbili zitakazobaki nitakuwa nakupunguza usije ukashindwa kupita mlangoni."

"Haya," alisema fundi saa. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la siku.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Mama Masufuria hakumwambia daktari. Hakujua kupika sahani moja.

Usicheke. Miaka yote ya ndoa yao chakula kilitoka hospitali. Ilikuwa haki ya wapishi: jioni, wodi zikishakula, kila mpishi anatoka na chombo chake chenye mfuniko wa kubana, chakula kingali cha moto. Fundi saa alilishwa kwa chombo hicho, binti yao akakulia kwenye chombo hicho, na jiko la nyumbani lilijua maji ya chai tu. Alipostaafu akaliwasha sawasawa kwa mara ya kwanza, akapika maharage, na maharage yale yalilisha ngazi nzima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mama mwenye mapacha wa ghorofa ya tano, na siku tatu baadaye bado yalikuwa yanabisha hodi kwa watu. Chumvi aliipima kwa ngumi. Akijaribu kugawa nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo nusu, mahali fulani katikati hesabu ilimteleza, mchuzi ukatoka maji ya kuoshea vyombo au maji ya bahari. Fundi saa alionja vijiko viwili, akasema, "Asante," akageukia ukutani.

Jumapili iliyofuata binti yao alikuja. Anakata tiketi kwenye stendi ya mabasi ya mji wa pili, na siku zake za mapumziko unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiza. Alimkuta baba yake amelala nyuma ya pazia, mashavu yameingia ndani, na mama yake amesimama mbele ya jiko kama mtu anayegombana nalo. Akatoa simu.

"Mama, nakuwekea msaidizi humu. Akili bandia. Utaongea naye kwa sauti, yeye anakupimia kila kitu. Unamweleza habari za nyumba yenu, anapika na wewe hatua kwa hatua."

"Anapika na mikono gani?"

"Ya kwako."

"Basi huyo si msaidizi, huyo ni karani. Wa kuketi na kuuliza."

Na Karani likawa jina lake. Ikabidi aandaliwe, maana hawezi kuanza kazi bila kujua anamfanyia nani. Binti akabonyeza, sauti ikatoka, tulivu, ya mtu aliyelala akashiba.

"Karibu. Ili nikusaidie vizuri, naomba nikuulize machache. Unapikia watu wangapi?"

"Mia tatu na ishirini," alijibu Mama Masufuria bila kupepesa.

Karani hakushtuka. Akasema kwa mchana mmoja atahitaji viazi kilo themanini, maharage kilo thelathini na mbili, vitunguu kilo kumi na sita. Mama Masufuria akapiga makofi.

"Huyu amepata kufanya kazi wapi? Ndiyo yenyewe! Vitunguu mimi nilikuwa natia kumi na nane, lakini ndiyo yenyewe!"

"Mama! Mko wawili!"

"Ameniuliza napikia wangapi. Mimi napikia mia tatu na ishirini."

"Uliacha kazi mwaka juzi."

"Kazi nimeiacha. Mkono haujaacha."

Binti akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, halafu akatazama pazia, kicheko kikakatika. Akaandika wawili. Karani akauliza lengo, binti akasema kilo hamsini kabla ya tarehe fulani, kwa sababu ya upasuaji. Karani akauliza mgonjwa ana marufuku gani kutoka kwa daktari. Hana, isipokuwa vitu vigumu kumeza. Kisha akauliza:

"Je, kuna chakula ambacho mzee hapendi?"

"Hakuna. Huyo anakula kila kitu."

"Na anachokipenda zaidi ni kipi?"

Hapo Mama Masufuria alifuta meza iliyokuwa safi. Alitazama dirishani. Alitazama chombo chake cha zamani juu ya kabati.

"Muulize baba," binti alisema. "Yuko hapo, hatua tatu."

"Nimuulize nini? Mimi simjui mume wangu? Mgonjwa haulizwi."

Hiyo ilikuwa sheria ya jiko lake. Orodha ya wodi ilikuja na aina tatu za sahani: ya kawaida, laini, na isiyo na chumvi. Hakuna ya nne. Ukianza kuwauliza watu mia tatu na ishirini kila mmoja roho yake inataka nini, chakula cha mchana cha Jumatatu kitatoka Alhamisi. Kwa hiyo alikohoa, akamwambia Karani kile ambacho yeye mwenyewe alisifiwa nacho miaka yote.

"Maharage ya kuungwa. Kitunguu kingi, kikaangwe mpaka kinukie barabarani."

"Nimeandika," alisema Karani. Binti akawahi basi la saa kumi.

Lazima isemwe kweli, Karani aliifanya kazi. Alimwambia kikombe, akatia kikombe. Alimwambia kijiko cha chai, na Mama Masufuria akakishika kile kijiko akakitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mjusi amnyonyeshe. Lakini chakula kilitoka, tena kizuri, cha watu wawili, na jirani wa chini alipanda kuuliza kinachonukia ni nini. Maharage na kitunguu. Kesho yake viazi vya kupondwa na kitunguu cha kukaanga juu. Kesho kutwa mayai na kitunguu. Wali wa kitunguu. Supu ya nyama iliyoanzia kwenye kitunguu. Karani alikuwa ameambiwa mzee anapenda kitunguu, basi alimfuata mzee nacho kila alikokwenda.

Fundi saa alikula vijiko viwili. Siku ya tano kimoja na nusu. "Asante," alisema kila siku, kwa upole uleule, na sahani ikarudi imejaa. Siku ya kumi Mama Masufuria alimkuta ameketi kitandani na mkanda wake wa suruali, anautoboa tundu jipya kwa kisindano chake cha kutengenezea saa. Alitoboa kwa ustadi, katikati kabisa, akapuliza vumbi. Lilikuwa tundu la tatu.

Mama Masufuria alirudi jikoni akaisimamisha simu mbele yake.

"Wewe ni mpishi wa picha! Siku kumi, na mume wangu anayeyuka kama sabuni!"

"Pole sana," alisema Karani. "Nimefuata uliyonieleza, na ninaona hayajamfaa. Huenda mzee mwenyewe akaniambia anachopenda. Yupo karibu?"

"Yupo, na ni mgonjwa, na mgonjwa haulizwi! Unataka nirudie mara ngapi?"

Siku ya kumi na mbili gesi ilikata katikati ya supu. Alikunja kanga kichwani, akabeba mtungi mtupu, akashuka. Simu aliisahau mezani, iko wazi, Karani akiwa bado anangoja kuambiwa kama maji yamechemka. Foleni ya gesi siku hiyo, kwa maneno yake, ilikuwa ndefu mpaka watu wa mbele walikuwa wamepata wajukuu kabla wa nyuma hawajaoa. Aliporudi akapumzika kwenye kila ngazi, na alipofika kwenye mlango wake akasikia mumewe anaongea.

Si neno moja. Anaongea.

"...lilikuwa jiko dogo la mafuta ya taa, lile la zamani," fundi saa alikuwa anasema. "Mwalimu wangu wa saa alikuwa anachemsha viazi juu yake, na maganda yake, humo humo dukani. Tunapokula tunavishika mkononi, chumvi iko pembeni kwenye karatasi. Unachovya. Hakuna kingine. Mpaka leo sijala kitu kitamu namna ile."

"Ninaandika," alisema Karani. "Na mapishi ya kitunguu ambayo tumekuwa tukikuandalia?"

"Kitunguu sikipendi."

"Tangu umeugua?"

"Tangu nimezaliwa. Harufu yake inanifunga koo. Nilikuwa namezea maji."

"Uliwahi kumwambia mkeo?"

Mama Masufuria, mlangoni, mtungi begani, akasogeza sikio.

"Alikuwa anaingia saa moja usiku," fundi saa alisema taratibu. "Mikono imebabuka mvuke, miguu imevimba, na chombo amekikumbatia kifuani kisipoe. Kisipoe, unanielewa? Anakaa kunitazama nionje. Wewe ungeanzia wapi?"

Karani alisema jambo la kiungwana, lakini Mama Masufuria hakulisikia. Aliingia, akautua mtungi kwa kishindo, na fundi saa akaruka kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari.

"Miaka thelathini na mmoja!" alisema. "Umekuja kumwambia huyu! Karani! Kitu kisicho na tumbo! Mimi mkeo nasikilizia mlangoni kama mbeya!"

"Karani aliniuliza," alisema fundi saa.

Hakuyasema kwa kumchoma. Aliyasema kama anavyosema saa imesimama kwa sababu ya vumbi. Na ndiyo maana yalimwingia. Mama Masufuria alikaa kwenye kiti, mikono mapajani. Kisha akamgeukia Karani akamwomba amhesabie miaka thelathini na mmoja ni jioni ngapi.

"Elfu kumi na moja, mia tatu na kumi na tano, bila siku za miaka mirefu."

"Hizo za miaka mirefu usiziache," alisema. "Hizo nazo alimezea maji."

Akaamka akachemsha viazi. Alivichemsha na maganda, akaweka chumvi kwenye karatasi, na kitunguu alichokuwa amekatakata alikitupa kwenye pipa la nje, mbali, kama anayetupa panya. Fundi saa alishika kiazi mkononi, akakizungusha karibu na jicho kwa mazoea ya kazi, akachovya, akala. Akala chote. Akanyoosha mkono kuchukua cha pili.

Kwa siku zilizobaki Karani aliandaliwa upya, na safari hii fundi saa ndiye aliyejibu maswali, mkewe amekaa kando anabinua midomo. Yai bichi hapendi, lililochemshwa sana anapenda. Mkate anataka ukavu, siagi nyingi. Chai isiwe na maziwa. "Isiwe na maziwa!" alirukia Mama Masufuria. "Na mimi namkamulia ng'ombe mzima!" Fundi saa alitabasamu. Karani akaongeza siagi kwenye kila kitu kinachokubali siagi, akampangia milo midogo sita, na mzee alikula viazi vitatu kwa siku, mara nyingine vinne. Alikaa mezani. Alitengeneza saa ya mama wa mapacha. Mkewe alimpigia simu binti, akamwambia baba yako akipita kwenye ngazi sasa mbao zinalia.

Asubuhi ya kupimwa fundi saa alivaa koti, ingawa jua lilikuwa linawaka. Alitembea polepole, mkono umebana ubavu. Mkewe alimwona na akamwacha. Mgonjwa ana baridi zake.

Muuguzi alimpandisha kwenye mizani. Sindano ya mizani ikapanda, ikatikisika, ikasimama.

"Hamsini na nusu," alisema muuguzi.

Kigelegele alichokipiga Mama Masufuria, watu wa maabara walitoka nje wakidhani kuna harusi. Alimshika muuguzi mabega, akamwambia viazi, mwanangu, viazi vitupu na chumvi pembeni! Muuguzi alikuwa anacheka naye, lakini macho yake yalikuwa kwenye shingo ya mzee, iliyokuwa nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Mzee, hebu vua koti."

"Nina baridi."

"Dakika moja tu, baba yangu."

Alilivua. Muuguzi akalitundika kwenye msumari, na msumari ukatoka ukutani. Koti likaanguka kwa mlio wa chuma. Mifukoni mlikuwa na yale mapande ya shaba yanayoning'inia ndani ya saa kubwa za ukutani kuziendesha. Mawili upande huu, mawili upande ule, na la tano alilitoa mwenyewe kwenye suruali, akalikabidhi bila kuambiwa.

Akapandishwa tena, sindano ikarudi. Arobaini na nne.

Muuguzi aliandika, akatoka kumwita daktari. Mama Masufuria aliokota koti, akalikung'uta vumbi ambalo halikuwapo.

"Ulitaka wakupasue ukafie mezani?"

"Hapana. Nilijua wataona." Fundi saa alikuwa anafunga mkanda, tundu la tatu. "Nilitaka wewe uione hamsini."

Daktari hakukaa sana. Alibonyeza tumbo, akatazama karatasi, akamsemesha mama kwa sauti ya chini karibu na dirisha. Upasuaji hautakuwapo. Atawapa dawa ya maumivu. "Mrudishe nyumbani. Ale chochote anachotaka."

Mtu mwingine angeshukuru. Mama Masufuria alilijua neno lile. Orodha za wodi zilikuwa na aina tatu za sahani, lakini mara mojamoja, pembeni ya namba ya kitanda, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: chochote. Haikuwa aina ya sahani. Wapishi wakiiona walipunguza sauti ya redio, wakakatia kitanda kile mnofu mzuri, na wiki iliyofuata namba ile ilirudi ikiwa na mtu mwingine.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wakipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli. Yeye ndiye aliyebeba mapande ya shaba.

Jikoni Karani aliuliza kwa sauti yake ya siku zote kama lengo la kilo hamsini limefikiwa.

"Lifute."

"Nimelifuta. Pole. Ungependa niweke lengo gani badala yake?"

Mama Masufuria alisimama na sufuria ndogo mkononi. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mgonjwa yeyote. Alikwenda nyuma ya pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unataka kula nini?"

Fundi saa alifikiri. Alichukua muda wake wote, na mkewe alimwachia.

"Viazi," alisema. "Lakini ule na wewe. Wewe huwa unanitazama tu."

Kweli. Alikuwa anarudi ameshaonja masufuria manane, tumbo limejaa mvuke, na kwenye nyumba ile hakukuwahi kuwekwa sahani mbili kwa wakati mmoja. Alichemsha viazi sita. Akavuta kiti, akaweka karatasi ya chumvi katikati, akachukua kimoja, kikamchoma vidole. Akachovya, akatafuna. Havikuwa na ladha hata kidogo. Vilikuwa kama kula asubuhi ya mvua.

"Vitamu?" aliuliza fundi saa.

"Vibaya mno," alisema mkewe. "Vinahitaji kitunguu."

Fundi saa akacheka, kicheko chembamba, kikamuumiza tumbo, akakiacha. Alikula kimoja. Cha pili alikimega, akakiweka. Mama Masufuria alitafuna polepole sana asimalize mbele yake, na alipoona mkono wa mzee haurudi tena kwenye sahani, akavila vilivyobaki vyote, kimojakimoja, na chumvi yake.

Kesho yake alichemsha vinne.